Turubai la Baba Ereng

Jumatatu, 3 Februari

Maji yamepungua vidole vinne tangu Ijumaa. Nimepima mara mbili kwa fimbo. Vinne. Nikaongeza maji, nikatia klorini, nikapitisha wavu kutoa majani na nzi. Kazi ya kila asubuhi, mwaka wa sita sasa.

Jua haliwezi kunywa vidole vinne kwa siku tatu. Nalijua jua la Lodwar. Hili ni tundu.

Bwawa limezeeka, kusema kweli. Lilikuja na daktari mmoja wa kigeni kabla mimi sijaajiriwa. Akalisimamisha juu ya ardhi nyuma ya kliniki, ukuta wa bati wa mviringo unaonifika kifuani, ndani plastiki ya bluu. Akarudi kwao, likabaki. Wagonjwa wa viungo wanaingizwa humo: waliopooza, waliovunjika, watoto wenye misuli migumu. Mimi si daktari. Mimi ni fundi wa maji. Pampu, matangi, mabomba, bwawa.

Kesho ni zamu ya Ewoi.

Jumanne, 4 Februari

Ewoi aliingia saa tatu. Nduta, daktari wa viungo, mbele yake, mimi nyuma. Nje ya maji mume wangu ni mzigo wa watu wawili. Ndani ya maji anasimama. Leo hatua kumi na moja bila kushikwa. Mkono wa kulia bado umelala. Ulimi bado mzito, anapata neno moja, mawili yanampotea. Lakini akiwa majini hanitukani. Wala hajitukani.

Mwaka na miezi miwili tangu kiharusi. Alikuwa na lori lake, Kitale hadi Kakuma. Lori liliuzwa.

Alipotoka nikauzunguka ukuta. Upande wa mashariki mchanga umelowa. Nikapitisha kidole chini ya bati, kikatoka na kutu laini kama unga wa mtama. Nikamwita Nduta. Alitazama, akafunga bwawa papo hapo. Ukuta ukiachia mgonjwa akiwa ndani, maji yote hayo yatamzoa.

Amesema kweli. Nimechukia hata hivyo.

Jumatano, 5 Februari

Meneja Wafula ameniita ofisini. Ana miezi minne tu hapa. Si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka.

Anataka bwawa litolewe. Bati likatwe, mahali pajengwe stoo ya viti vya magurudumu. Nikamwambia linatengenezeka. Stoo kuna plastiki ya ndani ya akiba, bado iko kwenye boksi lake, daktari yule aliiacha. Akaniuliza siku ngapi. Nikasema mwisho wa mwezi. Akaandika.

Kuna jambo sikumwambia. Upande ule unaovuja ndipo palikuwa na mathenge, ule mti wa miiba unaoota popote hapa kwetu bila kupandwa. Meneja aliyetangulia aliniagiza niung'oe, mizizi isifike bwawani. Nilikuwa nikikaa kwenye kivuli chake saa saba nikila. Nikaahirisha. Aliponiuliza tena nikaukata juu tu, nikafunika kisiki kwa mchanga, nikaandika kwenye kitabu cha kazi: umeng'olewa. Nikatia sahihi.

Sina uhakika kwamba ni mzizi. Sitaki kuwa na uhakika.

Ijumaa, 7 Februari

Tangu jana sitii klorini, jua liipunguze. Leo tumefungua maji. Nililaza mpira, nikavuta kwa mdomo, yakaanza kutoka. Ladha mbaya.

Aibu kumwaga maji katika mji huu. Nikamtuma Lokwang, mlinzi wetu, awaambie majirani. Walikuja na mitungi, maji ya kufulia na ya kufinyangia matofali, si ya kunywa. Lokwang alisimama na fimbo kuzuia mbuzi. Mwanamke mmoja aliniuliza kwa nini tulikuwa na maji mengi hivyo mahali pamoja. Nikamwambia ni dawa. Alicheka.

Nyumbani Ewoi aliniuliza, "Leo?" Leo ilikuwa zamu yake ya pili ya wiki. Nikamwambia bwawa liko tupu, halina maji. Aligeukia ukutani.

Jumamosi, 8 Februari

Tumefungua reli za juu, skrubu moja moja. Nyingine zimeliwa na kutu, nikazikata. Kisha nikashuka ndani na kisu, nikapasua plastiki ya zamani kuanzia katikati kwenda pembeni. Tukaikunja na kuitoa. Nzito kama ngozi ya ng'ombe iliyolowa.

Chini yake, upande wa mashariki, mzizi. Unene wa kidole gumba. Umepita chini ya ukuta, ukanyanyua mchanga, ukatoa chipukizi lenye mwiba mmoja juu. Mwiba mmoja tu.

Lokwang aliutazama. Halafu akanitazama mimi. Yeye alikuwepo siku ile nilipofunika kisiki.

"Hii ndio ilitoboa," akasema.

"Ndiyo."

Akaenda kuifunga plastiki kwa kamba. Ni afadhali angenilaumu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimechimba kisiki. Saa nne nzima, sululu na panga, mikono imechubuka. Nimefuata kila mzizi hadi ulipoisha. Kazi hii hii ningeifanya zamani ingenichukua saa moja.

Alasiri nikashika ukuta. Nimesugua kutu hadi bati safi. Matundu matano, kubwa kuliko yote linaingia ngumi. Nimekata viraka vya bati jipya, nikavipiga ribiti kwa ndani na kwa nje, kingo nikazilaza kwa nyundo zisikwaruze plastiki. Rangi ya kuzuia kutu, nimepaka mara mbili. Umekuwa na mabaka mekundu, mbaya wa sura. Lakini mgumu. Nimeupiga teke. Mgumu.

Ewoi hatoki kitandani. Anakula nikimlisha, na mkono wa kushoto ni mzima.

Jumanne, 11 Februari

Mchanga wa laga, ule mto mkavu. Nimechekecha toroli kumi na sita, kijiwe kimoja kikibaki ni tundu jingine. Tukamwaga, tukasawazisha kwa ubao, tukanyunyiza maji, tukashindilia. Pembeni, ukuta unapokutana na chini, nikajenga mteremko wa mchanga pande zote, plastiki isije ikavutwa kwenye kona.

Mgongo umekufa. Nimeridhika na sakafu hii. Kesho nafungua boksi.

Jumatano, 12 Februari

Plastiki ya akiba imeharibika.

Miaka yote hiyo chini ya mabati ya stoo, kwenye joto. Ilikunjwa sawa, haikuguswa na panya, rangi bado ya bluu. Nikashika ncha, Lokwang akashika nyingine, tukavuta. Ikalia. Kila ilipokuwa imekunjwa ikapasuka, mstari baada ya mstari, kama chapati kavu.

Nduta amepiga simu Nairobi. Kipimo chetu hakipo. Kuagiza nje ni miezi, wala hawaahidi.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Ewoi sakafuni. Alijaribu kwenda mlangoni peke yake. Hajavunjika. Amechanika juu ya jicho. Nilimsafisha, hakuniangalia. Nilikaa chini pale pale karibu naye, sikuwa na nguvu ya kumwinua.

Mimi ndiye niliyefanya haya. Niandike angalau hapa. Kivuli na uvivu.

Alhamisi, 13 Februari

Siku ya ajabu. Niiandike yote.

Asubuhi nikamweleza Ewoi habari za plastiki. Simwelezi mambo ya kazi siku hizi, sijui kwa nini leo nilimweleza. Pengine nilitaka mtu wa kunikasirikia. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaanza kuhangaika.

"Tu," akasema. "Tu. Tu."

Nikadhani anasema tupa. Tupeni bwawa lenu. Nikachemka. Nikamwambia ni rahisi kwake kusema tupa, si yeye anayebeba mchanga. Akapiga ukingo wa kitanda kwa ngumi ya kushoto. "Tu! Tu!" Machozi yakamtoka kwa hasira. Nikatoka nje nikamwacha, nikaenda kazini.

Saa saba nikarudi. Alikuwa amejiburuta hadi dirishani, amekaa kwenye kiti, shati limelowa jasho. Alininyooshea kidole nje, nyuma ya nyumba. Pale pana kuni, ngazi mbovu na turubai lake.

"Tu-ru-bai," akasema.

Nikafuata kidole chake kwa macho.

Ni turubai la trela, zito, la plastiki pande zote mbili. Alilinunua wiki mbili kabla ya kiharusi, halikuwahi kupanda juu ya lori. Tulipouza lori mnunuzi alilitaka. Ewoi alikataa kwa kichwa, kwa mkono, kwa kelele, hadi yule mtu akaenda. Tangu hapo hataki liguswe. Mwanetu Ereng alipokuja likizo akasema auze, babake hakumtazama siku mbili. Mimi nilielewa. Turubai likiwepo, yeye bado ni dereva.

Nikamuuliza, "Baba Ereng, una uhakika?"

"Kakuma," akasema. Akapumua. "Dede."

Dede namfahamu kwa jina. Mkongo, fundi wa maturubai kule kwenye kambi ya wakimbizi, ndiye aliyekuwa akimshonea Ewoi kila safari.

Nilimshika kichwa nikakiweka tumboni kwangu. 

Ijumaa, 14 Februari

Nilihitaji gari na ruhusa ya siku tatu. Nikaenda kwa Wafula. Alikubali haraka, hata alichangamka. Turubai la lori ndani ya bwawa, hajawahi kusikia. Halafu akauliza, kwa vile anaandika ripoti: "Mama Ereng, lakini hasa ni nini kilitoboa ile ya kwanza?"

Ningesema uzee. Lilikuwa jibu la bure.

Nikamwambia. Mti, kisiki, kitabu, sahihi. Nilisimama wakati nasema, ingawa kiti kilikuwepo.

"Ulikata juu tu?"

"Juu tu."

"Na kisiki kiko wapi sasa?"

"Nimekichimba Jumatatu. Na mizizi yote."

Alizungusha kalamu. Akasema itabidi aniandikie barua ya onyo, iingie kwenye faili langu. Nikasema sawa. Akasema gari nitalipata Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi.

Nimetoka nikaenda moja kwa moja kwenye matangi, nikanawa uso. Nimepata onyo la kwanza maishani na najisikia mwepesi. Nitalala.

Jumatatu, 17 Februari. Kakuma

Ewoi amekuja nasi. Sikumwalika. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani, amevaa shati la safari, vifungo vimepishana. Dereva wa kliniki na Lokwang wakamwinua kwenye kiti cha mbele. Turubai nyuma, nami nalo.

Hajatoka Lodwar tangu augue. Nilimtazama kupitia kioo cha nyuma njia nzima. Kila kona mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga.

Kibanda cha Dede kiko sokoni, kati ya duka la Msomali na kinyozi. Mtu mfupi, mabega mapana, mvi kidogo. Alikuwa ameinama juu ya hema. Akainua kichwa, akamwona Ewoi anashushwa.

"Ewoi! Ejok!" akapiga kelele kwa salamu ya Kiturkana. "Balinambia ulikufa!"

Hakuna mtu anayemwambia Ewoi hivyo. Watu wote wanamnong'oneza kama yuko kanisani. Na Ewoi akacheka. Kicheko cha upande mmoja, mate yakamtoka, akacheka tena. Mwaka na miezi miwili sijaisikia sauti hiyo.

"Ba... bado," akasema.

"Bado!" Dede akasema. "Muzuri. Bado ni muzuri."

Nikamwonyesha vipimo. Kipenyo, mzunguko, kimo. Nilivipima mara tatu. Akavisoma kwa kidole. Akasema kwao Uvira alikuwa anatengeneza mashua za mpira za ziwani, kazi ni ile ile, ila huko maji yanakuwa nje na hapa yatakuwa ndani. Nikauliza kama atatumia gundi.

"Hapana, mama. Hii kitu haitaki gundi. Inaomba moto." Akanionyesha mashine yake, inapuliza hewa moto hadi kingo mbili zinaungana zikawa moja.

Nilimwomba aje Lodwar alipime bwawa mwenyewe. Hawezi. Kibali cha kutoka kambini kinachukua majuma. Atakata bila kuliona bwawa. Nikikosea kipimo, nimemkosesha na yeye.

Tumefikia kwa binamu yake Ewoi hapa mjini.

Jumanne, 18 Februari. Kakuma

Tulilitandaza turubai barabarani, nyuma ya soko. Jipya kabisa. Harufu yake bado ya dukani. Watu wakasimama kutazama.

Dede alichora mduara kwa chaki na kamba. Akachukua mkasi. Halafu hakuniuliza mimi. Alienda akachuchumaa mbele ya kiti cha Ewoi.

"Ewoi. Nikikata, haitarudia kuwa ya lori."

Ewoi aliliangalia turubai muda mrefu. Kuna punda alipita. Kuna mtu alikuwa anaita bei ya sabuni.

"Kata," akasema. Safi. Herufi zote.

Nilizunguka nyuma ya kibanda nikalia. Mke wa Dede, Mama Furaha, alinikuta huko. Alinipa maji ya kunawa.

Tulikula kwao, bukari na sombe, majani ya muhogo. Bukari ni ugali wetu huu huu, wao wanautengeneza laini. Ewoi alikula mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Nilijifanya sijaona.

Mashine ilivuma hadi saa kumi na moja. Ewoi hakutaka kuondoka. Kila mshono ulipokwisha Dede alimpa auguse, naye akapitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Pawili alitingisha kichwa. Dede akarudia, bila kubisha.

Jumatano, 19 Februari

Tumerudi. Plastiki yetu mpya imekunjwa kama godoro nyuma ya gari. Dede alinipa vipande vya kiraka na kopo la gundi, kwa dharura. Alikataa kuagwa, akasema nimpigie simu maji yakijaa.

Njiani Ewoi alisema maneno mawili. "Kanyaga. Polepole." Alikuwa anamwambia dereva.

Alhamisi, 20 Februari

Karibu tuupoteze ukuta.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu, kabla ya upepo. Blanketi kuukuu chini, kando kwa kando. Nilijua hatari. Bwawa tupu ni karatasi tu, maji ndiyo yanayolishikilia. Nikahesabu kwamba hadi saa tatu tutakuwa tumeshaingiza turubai. Upepo ukaja saa mbili na robo.

Nilisikia bati likigonga. Ukuta wa mashariki, wenye viraka, ukaingia ndani kama mtu amepigwa tumbo. Nikauegemea kwa mgongo. Haukunisikiliza. Nikaita. Lokwang akaja mbio, Nduta akaja, mama mmoja aliyeleta mtoto wake mazoezini akamweka mtoto kwenye mkeka akaja. Na Wafula. Wafula na shati lake jeupe na tai. Alilikumbatia bati kwa mikono miwili, shavu limebandikwa kwenye rangi nyekundu, macho ameyafunga, mchanga unatupiga sote.

"Tushike hadi lini?" akapiga kelele.

"Hadi uishe!"

Dakika ishirini. Labda thelathini. Nilifikiria jambo moja tu, mkasi ule na neno lile, kata. Nikasema moyoni ukuta huu hauanguki, utanivunja mimi kwanza.

Ukaisha, kama unavyoishaga, ghafla. Tukabaki tumekumbatia bati, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuachia. Shati la Wafula limechanika kutoka kwapani hadi kiunoni. Akajitazama. Akaanza kucheka, nasi wote.

Tumeukunjua ukuta sawa. Ribiti zote zimeshika. Tumeufunga kwa kamba kwenye vigingi pande nane hadi kesho. Nilipaswa kuufunga hivyo tangu mwanzo.

Ijumaa, 21 Februari

Alfajiri, hewa imetulia kabisa. Turubai limeingia.

Limekaa. Sijui nisemeje. Dede hajawahi kuliona bwawa hili, na limekaa kama soksi. Tukalivuta juu ya ukuta, tukarudisha reli, skrubu mpya. Nikafungua maji. Yalipofika kwenye kifundo cha mguu tukaingia pekupeku, mimi na Nduta, na mafagio laini, tukisukuma makunyanzi kutoka katikati kwenda kando. Nduta aliteleza akakaa. Tukacheka kama wasichana mtoni.

Saa nane, mchanga wa nje upande wa magharibi ukawa mweusi. Umelowa.

Nimefunga maji. Nimekaa kwenye ngazi. Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 22 Februari

Tuliyarudisha maji kwenye tangi kwa pampu. Nikapiga magoti, nikatafuta kwa vidole. Nikaupata. Mshono wa chini, mahali padogo kuliko ukucha. Nikamkumbuka Ewoi akitingisha kichwa mara mbili. Kumbe palikuwa na pa tatu.

Nikampigia Dede, simu nikaiweka sakafuni iseme kwa sauti. Akanielekeza. Kwaruza kwa msasa. Futa kwa spiriti. Paka gundi pande zote mbili.

"Sasa nibandike?"

"Hapana! Gusa na kidole. Inashika kidole?"

"Inashika."

"Basi bado. Usiharakie, mama."

Nikangoja. Nikagusa. Nikangoja. Yeye naye akangoja kwenye simu, nasikia soko lao nyuma yake. Gundi ilipoacha kushika kidole akasema sasa, bandika mara moja, usirudie, kandamiza na chupa. Nikakandamiza hadi mkono ukafa ganzi.

Nimekipa kiraka saa sita. Jioni maji tena, hadi magotini. Nimezunguka nje mara nyingi. Mchanga mkavu.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda ibada. Mungu anajua nilikuwa wapi. Pampu imefanya kazi tangu asubuhi. Maji yalipokaribia tundu la kichujio nikachukua kisu. Hapo ndipo pa kukata turubai, na ukikata kabla ya uzito wa maji kulivuta chini umelimaliza. Nikakishika kwa mikono miwili. Nikakata duara, nikabana mpira na pete, skrubu kwa zamu.

Halivuji.

Saa kumi limejaa. Nimejaza pia ndoo, nikaiweka kwenye ngazi ya bwawa. Nimetia alama kwenye ndoo na alama kwenye ukuta. Jua litakunywa kote sawa. Bwawa likipungua kuliko ndoo, bado lina tundu.

Ewoi ameuliza nini kimebaki. Nikamwambia ndoo.

Jumatatu, 24 Februari

Ndoo imepungua nusu kidole.

Bwawa limepungua nusu kidole.

Nimepima tena, nikamwita Lokwang apime, nikamwita Nduta. Nusu kidole, kote. Wafula alikuja akapima pia, akiwa ameinama na rula ya ofisini. Akasema nusu kidole. Akasema stoo atatafuta mahali pengine. Akaniuliza kama nimepata barua yake. Nikasema nimeipata, nimeitia sahihi. Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Nimempigia Dede. Alipiga kelele hadi nikaondoa simu sikioni.

Kitu kimenitoka kifuani. Nilikuwa nimekizoea hata sikujua ni kizito.

Jumanne, 25 Februari

Ewoi aliingia saa tatu. Alisimama muda mrefu bila kupiga hatua, maji kifuani, mkono wa kushoto unapapasa ukuta. Nduta hakumharakisha. Kisha akatembea. Hatua saba leo. Amerudi nyuma kidogo, wiki tatu bila bwawa. Nduta anasema zitarudi. Ninamwamini.

Baada yake akaingia msichana wa Kalokol mwenye nyonga mbovu, halafu mzee mmoja, halafu yule mtoto wa mkekani na mama yake. Ewoi hakutaka kupelekwa nyumbani. Alikaa pembeni kwenye kiti chake na taulo mabegani akiwatazama hadi wa mwisho alipotoka.

Tumekula. Amelala. Anakoroma kwa upande ule mzima.

Nimefua kaptula yake ya bwawani nikaianika kwenye kamba, nikakaa hapa kuandika. Sasa hivi nimenyoosha mkono nikaigusa. Imekauka, iko tayari kwa Ijumaa.